Boneti Tatu kwenye Ukuta wa Soko

Mwanangu Saumu,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima. Tena nina hakika, maana naiweka ndani ya mkoba wako alasiri hii, kabla hujarudi kutoka Myanga kumuaga shangazi yako. Ukiiona leo usiifungue. Isome kesho gari likishapita Webuye, nikiwa mbali na macho yako. Wanijua baba yako: nikitazamwa usoni naanza kuzungumza habari za injini.

Sina la kukuambia kuhusu kufunga mlango, kula kwa wakati na kupiga simu. Mama yako ameshayasema yote tangu Jumatatu, na jana nilimsikia ameanza kuyarudia kuanzia juu. Kazi hiyo ni yake na anaiweza. Mimi nina jambo moja, lile uliloniuliza mara tatu nami nikalikwepa mara tatu: ile picha kubwa ya boneti tatu za magari, tuliyoitengeneza pamoja, iandikwe jina lako peke yako au iandikwe majina yetu mawili?

Mara ya kwanza nilijibu, "Andika lako, mimi ni fundi wa magari." Mara ya pili nilijifanya sikusikia kwa sababu ya kelele za kompresa, na kompresa yenyewe ilikuwa imezimwa. Mara ya tatu, juzi, niliondoka nikasema nakwenda kuswali, na adhana ilikuwa bado sana. Uliniangalia tu, na jicho lile nalijua, nilishaliona ulipokuwa na miaka minane. Nitalifikia.

Kwanza niache nifurahi kidogo, maana moyo wangu hautulii. Tangu alfajiri nimelifunua lile turubai mara tano kuziangalia picha zako, na kila mara naona jambo ambalo sikuliona. Pale ulipobandika gunia la katani ukaliunguza ukingo kwa kiberiti. Pale udongo mwekundu wa Webuye unapokutana na ule mweusi wa Kitale, na katikati ukaacha ufa mwembamba wa bati tupu unaong'aa. Na Jumamosi, Saumu! Jumamosi picha zote zitakuwa kwenye ukuta wa soko la Kitale, ile korido pana kati ya wauza viazi na wauza mitumba, watu wakipita na vikapu tangu asubuhi. Nimemwambia kinyozi. Nimemwambia muuza tairi. Nimemwambia mteja aliyekuja kuchukua gari lake tu wala hakuuliza chochote, akaondoka na habari yote ya maonyesho yako lakini bila kifuniko cha taa ya nyuma, ikabidi arudi.

Mwingine angengoja aitwe kwenye jumba lenye zulia. Wewe ulipanda Kitale mara nne kukaa kwenye benchi la kamati ya soko. Ulipotusimulia siku ya mwisho nilicheka hadi nikakaa chini. Mwenyekiti alizigeuza picha zako upande huu na upande ule, akauliza, "Sasa mlima iko wapi hapa? Si uweke hata ng'ombe moja, watu waelewe." Nawe ukamwambia, "Ng'ombe ameenda kunywa maji, mzee. Atarudi jioni." Kamati nzima ikaangua kicheko, mwenyekiti mwenyewe akacheka, na ukuta ukawa wako.

Mimi ningemweka ng'ombe. Nakuambia ukweli. Ningemweka ng'ombe na mchungaji wake na nyumba mbili za mabati nyuma yake, ili kamati inipende, halafu ningekaa mwezi mzima nikijichukia. Hapo ndipo wewe na mimi tunapoachana, na ndiyo maana nimekaa hapa juu ya tairi na kalamu badala ya kumalizia gari la mteja, ile Probox.

Hujawahi kuniuliza nilianzaje. Labda unadhani nilizaliwa hivi. Ilikuwa kabla hujazaliwa, nikiwa kibarua kwenye gereji nyuma ya msikiti. Kazi yangu ilikuwa kujaza filla, ule uji mzito unaoganda, mahali gari lilipobonyea. Filla ikishakauka unapiga msasa mpaka pawe laini, ionekane hakuna kilichotokea. Siku moja nilikuwa nimejaza mlango wa lori la miwa, nimeipaka filla haraka haraka kwa kipande cha mbao, mvua ikaja, nikakimbilia ndani. Nilipotoka jua lilikuwa limelala upande mmoja, na kwenye mlango ule nikaona miteremko. Sikuona mlima wala mti wala nyumba. Niliona vile Elgon inavyokuwa ukiiangalia kutoka barabara ya Chwele mvua ikishakatika, wakati huwezi kusema hapa ni shamba na hapa ni wingu. Nikashindwa kupiga msasa. Mwenye lori alikuja akakuta mlango wake una mabonde, akanifokea hadi watu wakatoka hotelini na vikombe vyao vya chai. Niliulainisha mlango ule mbele yake. Lakini jioni ile ile niliokota boneti iliyotupwa, nikaanza kuijaza nilivyotaka mimi.

Miaka hiyo sikumwonyesha mtu isipokuwa mama yako. Yeye alikuwa akisema, "Hii naipenda, lakini usiniulize kwa nini." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno zuri kuliko hilo. Ukiwa Kitale utapata watu watakaoziangalia picha zako na kuzungumza kwa nusu saa. Wasikilize kwa adabu. Lakini akitokea mmoja wa kukuambia hivyo alivyoniambia mama yako, mshike huyo, mpe kiti.

Sasa ile siku, ulipokuwa na miaka minane. Mafundi wa jua kali wa hapa Bungoma tuliambiwa tupeleke kazi zetu uwanjani watu wazione. Wenzangu walibeba majiko, mageti na masanduku ya bati. Mimi nilibeba boneti moja, nikaiegemeza kwenye ukuta wa choo cha uwanja kwa kuwa kwingine kote kulijaa. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani na nilikuwa nimefunga. Nilikwenda na wewe, umevaa viatu vyako vyeupe vya Idi kabla Idi haijafika, kwa sababu ulimlilia mama yako mpaka akachoka. Njia nzima uliwaambia watu baba ana maonyesho.

Watu walipita wakicheka. Hilo nilikuwa nalivumilia. Kisha akaja mteja wangu mkubwa, mwalimu mkuu wa shule moja, ambaye gari lake lilikuwa gerejini kwangu wiki ile. Alikuja na rafiki zake wawili, akasimama mbele ya boneti.

"Fundi! Hii ni kitu gani, bana? Ati siku hizi mabati imekula kutu wanaleta kwa maonyesho? Ni ya nani hii?"

Usidhani nilishtukizwa. Nilikuwa na muda wa kujibu. Nilipiga hesabu kabisa kichwani: huyu akijua ni yangu atasema fundi wake amerukwa na akili, ataondoa gari lake, atawaambia walimu wengine wote. Nikasema, "Sijui mwenyewe ni nani, mwalimu. Mimi nimeambiwa niiangalie tu isiibiwe."

Nawe ukaniangalia, ukasema kwa sauti yako yote, "Si ni yako, baba?"

Nikakubonyeza bega. "Watoto, mwalimu," nikasema. "Wanaongea tu." Nikacheka.

Ningependa niseme yaliishia hapo. Mwalimu akiwa bado amesimama akaja mama mmoja aliyebeba kikapu cha vitunguu, mtu wa upande wa mlimani kwa namna alivyoongea. Alikitua kikapu. Yeye hakucheka. Aliweka kiganja juu ya boneti akakipitisha polepole kwenye matuta ya filla, kutoka juu mpaka chini, kisha akasema, "Hii ni kwetu. Hapa ndio shamba inateremka, na huku mvua imetoka upande ya Uganda." Akatugeukia. "Nani alitengeneza hii? Nataka tu kumsalimia."

Hakutaka kitu kingine, ni salamu tu. Na mimi, kwa sababu mwalimu alikuwa bado pale, nikasema tena, "Sijui, mama." Alisubiri kidogo, akiangalia huku na huku kama mwenyewe atatokea. Halafu akajitwika kikapu chake akaenda zake. Mwalimu naye akaondoka, na hata angejua asingeondoa gari lake, maana hapakuwa na fundi mwingine wa kuliweza. Nilimuuza yule mama kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa hatarini. Nimemtafuta sokoni siku nyingi za vitunguu, sijamwona tena.

Tukirudi ulitembea mbele yangu njia nzima. Jioni tulipokaa kufuturu ulimuuliza mama yako, "Mama, mtu akifunga halafu aseme uongo, si amekaa na njaa bure?" Mama yako akaniangalia. Ukaniangalia na wewe, kwa jicho lile lile la juzi. Mimi nikainamia bakuli langu la uji, na uji ule sikuumaliza.

Labda umesahau. Sijawahi kukuuliza kama unakumbuka, kwa kuogopa kwamba unakumbuka. Nisamehe, mwanangu. Ninaandika neno hilo leo kwa kuwa mdomoni limekwama miaka kumi na minne.

Baada ya siku ile niliendelea kutengeneza picha, lakini huku nyuma ya gereji, na kila nikimaliza moja naigeuza itazame ukuta. Nilijipa sababu nzuri nzuri. Nilisema mimi ni mtu wa msikitini, na watu wa msikitini wakisikia nachora watasemaje. Nilipenda sana sababu hiyo, kwa kuwa ilinifanya nionekane mcha Mungu badala ya mwoga. Mpaka siku Ustadh wa madrasa alipoleta pikipiki yake, akachungulia nyuma kutafuta maji ya kunawa, akazigeuza picha moja baada ya nyingine. Alizikagua zote. Kisha akasema, "Athumani, mimi sioni mtu hapa, sioni mnyama. Naona ardhi na mvua. Sasa unaficha nini?"

Nikarudi kwenye breki za pikipiki yake.

Nakusimulia haya kwa sababu uoga haukuja kwangu ukiitwa uoga. Ulikuja ukiitwa adabu, siku nyingine ukiitwa dini, siku nyingine ukiitwa kutojisifu. Watu waliniita mtu mpole, mtu asiyejionyesha, nami nikafurahia sana kuitwa hivyo. Kumbe nilikuwa nimejificha nyuma ya sifa.

Halafu kuna habari ya ghala la mahindi, ambayo umeisikia nusu nusu kwa sababu mama yako akianza kuisimulia mimi huhama chumba. Leo isikie yote.

Dereva mmoja niliyekuwa namtengenezea gari aliipenda picha yangu moja. Akaniomba nimtengenezee nyingine aitundike kwenye ghala alikokuwa anapeleka mizigo, upande wa Kitale, kwenye chumba ambamo wakulima hukaa asubuhi nzima wakingoja mahindi yao yapimwe unyevu. Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema, hii lazima iwe na mahindi yenyewe! Nikabandika makapi. Nikabandika punje zilizovunjika, zikawa kama kokoto za mto. Na kwa kuwa gundi ya mbao ilikuwa imeisha, nikapika gundi ya unga, nzito ya kusimamisha mwiko. Ilitoka nzuri, Saumu, ya rangi ya dhahabu, na mvua kidogo pembeni. Jina sikuliandika. Nilimwambia dereva, "Wakikuuliza, sema umeiokota."

Najua umeshaona tunakoelekea. Mimi, mzaliwa wa nchi ya mahindi, niliyeanza kutafuna mahindi nikiwa na meno mawili, nilichukua punje zisizo na dawa, nikazipaka gundi ya unga, nikazipeleka kwenye ghala la mahindi. Miezi miwili baadaye wale wadudu weusi wenye pua ndefu wakaanza kutoka kwenye bonde langu. Mwanzo wachache. Kisha siku moja mkulima aliyekuwa ameketi chini ya picha aliruka akapiga kelele, "Wee! Hii picha inatembea!" Watu wa ghala hupambana na wadudu hao mwaka mzima, kumbe mimi nimewatundikia kiota ukutani.

Wangenipigia simu ningekimbia. Ningeikwangua, ningeianika, ningeomba radhi. Lakini nyuma ya picha hapakuwa na jina wala namba, na dereva alikuwa safari ya mbali. Waliulizana ni ya nani, kila mtu akasema si yake. Wakaitoa nje wakaichoma pamoja na magunzi. Nilipoisikia habari kwa abiria aliyetoka huko asubuhi hiyo, nilipanda Kitale siku hiyo hiyo. Nilikuta bati jeusi linapoa kwenye majivu, na mlinzi amesimama na fimbo anayakoroga. Akaniuliza, "Mzee, unamjua mwenye hii kitu?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia mimi nanunua vyuma chakavu. Akanifungia kwa kamba, akanipa bure, akanitakia safari njema.

Cheka. Mimi pia siku hizi nacheka. Kuhusu wadudu huhitaji kufundishwa, maana wewe unakaanga udongo kabla ya kuubandika, na mama yako hajakusamehe ile sufuria. Katani unailoweka, makaratasi unayapaka dawa, hakuna kitu cha kuliwa kinachokaa kwenye picha zako. Nusu hiyo ya funzo unaijua kunishinda. Nusu ya pili ndiyo mimi nimechelewa nayo mpaka leo: kitu kisicho na mwenyewe hakuna anayekiokoa.

Ulipofika kidato cha pili ulirudi likizo, ukaingia huku nyuma, ukakuta picha zote zinatazama ukuta. "Baba," ukaniuliza, "hizi zimefanya makosa gani?" Kabla sijajibu ulikuwa umezigeuza zote. Nilisimama mlangoni nikiwa na spana mkononi, nikaona kazi yangu ya miaka yote kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Sikujua zilikuwa nyingi hivyo. Wala sikujua kwamba zilikuwa nzuri, baadhi yake. Niseme hivyo hivyo: zilikuwa nzuri.

Kutoka hapo ukaanza zako, na hazikufanana na zangu, na mwanzoni nilikasirika. Nilidhani ungenifuata nyuma. Wewe ulileta magunia, majani ya chai uliyoyachemsha, kurasa za daftari zako za hesabu, udongo wa kila mahali ulipotembelea. Ulirudi kutoka kwa kukhu, bibi yako wa Lugulu, na mfuko wa udongo kwenye sanduku la shule, kukhu akampigia mama yako simu, "Huyu mtoto mnamnyima nini? Anabeba shamba yangu!"

Na ile kubwa. Miezi mitatu ya kugombana! Mimi nilijenga ule mgongo mrefu wa filla unaopita boneti zote tatu, nikaulainisha vizuri, nikajivunia. Kesho yake nikakuta umeweka tabaka jingine juu na kulipitishia chanuo cha nywele lote kabla halijakauka. Nilikufokea. Nilisema umeharibu, nikasema maneno ambayo hata yule mwenye lori hakuniambia. Ulinijibu, "Ngoja jua lifike, baba." Tukakaa kwenye ngazi, saa nne ikafika, jua likaingia kwa upande, na ile mistari ya chanuo ikawa mashamba yaliyolimwa, mashamba na mashamba mpaka mwisho wa bati, na hakuna shamba hata moja pale. Niliinuka nikaenda kununua chapati mbili, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kusema ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi.

Tena kuna lile bango lako la neno moja, GUSA. Nilikuambia filla itamegeka, watu wa soko wana mikono ya kazi. Ukasema, "Ikimegeka tutajua mahali wanapopapenda." Nimelifikiria jibu hilo wiki nzima. Wakati unaniambia hivyo nilikuwa nakiona kiganja cha yule mama wa vitunguu kikishuka juu ya bati langu, wala hukujua.

Jumamosi kuna watakaocheka. Sina dawa ya kicheko na sitajifanya ninayo. Najua tu kile ambacho si dawa, yaani kujificha, kwa sababu nilikitumia mara zote nikaona kinachofanya. Wewe huogopi kama mimi, nashukuru kwa hilo kila sala. Lakini kesho unahama kwenda mji ambako hakuna anayekujua, kukodi chumba na kibanda cha kazi, kuishi kwa mikono yako, na itafika siku umechoka, mtu mwenye gari zuri atakuuliza kwa dharau, "Hii ni yako?" Siku hiyo sitaki ukumbuke maneno yangu. Maneno yangu ni ya mtu aliyejificha kwenye gereji. Nataka uwe umeniona nikifanya jambo.

Leo adhuhuri mama yako aliniletea chakula, akanikuta nimelifunua turubai tena. Alisimama akaziangalia zile boneti tatu pamoja nami. Jina lako lilikuwa limeshaandikwa kona ya chini kulia, dogo, safi, na chini yake uliacha nafasi. Nafasi ya jina moja kamili. Mimi nilikuwa nimeiona tangu jana nikajifanya ni mapambo.

"Mzee," mama yako akasema, "mutoto anakuomba jina tu, si figo." Akaweka sahani juu ya betri, akaondoka.

Nilichanganya filla kidogo, kiasi cha kijiko, nikatia dawa ya kugandisha. Unaijua ilivyo: ikishatiwa dawa una dakika chache tu, baada ya hapo haikusikilizi. Nikaipaka kwenye ile nafasi. Dakika ya kwanza nilitafuta msumari. Ya pili nilisimama nao mkononi, nikapata ghafla hamu kubwa ya kwenda kukaza nati za Probox. Ya tatu filla ilianza kupata joto, nikaona nikichelewa tena nitakuwa nimeacha kiraka kitupu kwenye picha ya mwanangu. Nikaandika. Herufi zimepanda juu zikashuka, na mwishoni zimebanana kwa kuwa sikupima nafasi. Lakini linasomeka, Saumu. Mtu aliyesimama hatua tatu nyuma analisoma. Limeshaganda, nimelijaribu kwa ukucha na haliondoki, nami nimekaa hapa nikicheka peke yangu mpaka kijana wa muuza tairi akaja kuchungulia kama niko salama.

Jumamosi gereji imefungwa. Nakuja na mama yako, kukhu tutampitia Lugulu, na nitavaa lile shati langu la kazi lenye rangi za magari arobaini, mama yako apige kelele atakavyo. Mpangilio wa picha ni wako, hotuba ni yako, mwenyekiti wa soko ni wako. Watu wakikuuliza maana yake, rangi zake, umeutoa wapi udongo, jibu wewe, unayajibu vizuri kuliko mimi. Lakini mtu akisimama mbele ya ile kubwa akauliza ni kazi ya nani, wewe usimjibu. Niachie mimi.

Baba yako,
Athumani Simiyu